Matunda ya Upande wa Kushoto

Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba mwaka 2025, baada ya sala ya adhuhuri nilikuwa bingwa wa Garissa mjini, na kabla ya alasiri nilikuwa nimepooza upande mmoja wa mwili. Sikuanguka, sikuumwa, hata soda yangu sikuimwaga. Nilitangaziwa tu. Siku hizi hata ugonjwa unatangazwa kwa kipaza sauti, na anayetangaza ni mtu mwenye tai.

Naitwa Dagane, dalali wa mifugo pale sokoni. Shule niliiacha darasa la tatu, ngamia waliponihitaji kuliko mwalimu. Mke wangu Nasteha alifariki miaka minne iliyopita, tukitoka kwa ndugu zake upande wa Habaswein. Alifia ndani ya lori la mbuzi, kichwa chake mapajani mwangu, kwa sababu gari la wagonjwa tuliloahidiwa lilikuwa limetumwa kubeba viti vya mkutano wa mkubwa mmoja. Viti vilifika salama. Tangu hapo, mtu akiniambia wakubwa wanajali, mimi humuuliza: wanajali watu au viti?

Lakini sikukaa chini kuandika habari za viti. Naandika habari za Kaltun.

Kaltun anauza maziwa ya ngamia Soko Mugdi, yale yenye harufu ya moshi ambayo ukishayazoea, maziwa ya pakiti unayaona ni maji yaliyooshewa sufuria nyeupe. Ni mjane. Marehemu mume wake alipatwa na kiharusi, akalala kitandani miaka sita, na Kaltun ndiye aliyemlisha kwa kijiko, akamgeuza, akamwosha, akamfukuzia nzi. Alipomzika, mgongo wake mwenyewe ulikuwa umeanza kupinda. Kwa hiyo sharti lake la kuolewa tena linajulikana soko zima, maana halifichi: "Zamu yangu ya kuuguza nimeimaliza. Anayenitaka aje na miguu yake na mikono yake."

Mimi miguu ninayo, mikono ninayo. Nilikuwa nimekunywa maziwa pale kibandani mwake karibu mwaka mzima, kikombe juu ya kikombe, mpaka tumbo likawa linalia kama mtungi, na hatimaye yeye mwenyewe akasema, "Dagane, kama una neno, lipeleke kwa kaka yangu kabla hujapasuka." Nikapanga Alhamisi ile nitume wazee waniposee.

Jumanne yake ndiyo akaja Yahye.

Yahye ni dalali mwenzangu, mtu wa maneno mengi na sigara nyingi. "Warya Dagane! Kuna mchezo ukumbini. Unacheza na televisheni, unapewa soda. Atakayeshinda anapewa chupa ya chai."

"Televisheni inachezwaje?"

"Kwa mwili wote. Twende, ama unaogopa mbavu zitashangaa?"

Tukaenda. Ukumbini tukakuta feni zinazunguka, wazee wamejaa, na mbele kuna kioo kikubwa cha televisheni na chini yake kijidude cheusi, kirefu kama tofali, chenye jicho. Msichana mmoja wa kutoka Meru, jina lake Kananu, ndiye aliyekuwa anaendesha mambo. Alitusalimia vizuri, kila mtu na shikamoo yake. Akatuambia anasoma chuo kikuu, na kazi yake ni kuchunguza jinsi watu wanavyosogea wanapocheza michezo ya video ya aina hii, ambayo haina kitu cha kushika wala kitufe cha kubonyeza. Mwili ndio usukani.

"Hii kamera inaona viungo vyako, mzee," aliniambia. "Bega, kiwiko, nyonga, goti. Wewe ukisogea, mtu wa kwenye kioo anasogea. Tunataka kujua watu wa umri wenu wanasogeaje, ili tutengeneze mchezo wa mazoezi kwa waliopata kiharusi."

"Na mimi nifanye nini?"

"Cheza tu unavyotaka. Kuna bibi atakupa matunda, uyaweke kwenye kikapu."

Kweli, kwenye kioo alisimama bibi mmoja wa kuchorwa, amejitanda shuka, anatabasamu. Mara anakuletea ndizi upande wa kulia, mara tikitimaji upande wa kushoto, mara papai, na mwendo unaongezeka. Nikasimama kwenye mkeka, yule mtu wa kwenye kioo naye akasimama. Nikainua mkono, akainua. Nikajikuna, akajikuna. Ukumbi ukacheka.

Jamani, nilicheza! Ndizi ya kulia, kapuni. Tikiti la kushoto, nikajipinda kama kamba ya kisima, nikalinyaka kwa mkono wa kulia, kapuni. Papai la kushoto, nikajipinda tena, kilemba kikaniteleza jichoni, kapuni.

"Polepole, adeer, utafunga fundo!" mtu akapiga kelele huko nyuma.

"Mwacheni! Hivyo ndivyo anavyowazunguka wanunuzi!" Huyo Yahye.

Hakuna mzee aliyenifikia. Nikapewa chupa ya chai, nyekundu, yenye maua. Tayari nilikuwa naona inavyokaa juu ya meza ya nyumba yangu, Kaltun akinimiminia.

Ndipo aliposimama msimamizi wa mradi. Jina lake Peterson, nasi tunamwita Beterson kwa sababu ndivyo midomo yetu ilivyoumbwa. Alikuwa na tai katika joto lile, na hilo peke yake lilitosha kunionya. Akashika kipaza sauti. Kwenye kioo zikatokea picha za miili, moja moja, na jina chini ya kila mwili: upande wa kulia kijani, upande wa kushoto mwekundu kama pilipili.

"Wazee wetu," akasema, "mashine hii haidanganyi. Inaonyesha upande wa kushoto wa karibu kila mzee hapa ni dhaifu mno. Hiyo ni dalili ya kiharusi kinachonyemelea. Tumpongeze bingwa wetu, mzee Dagane, ingawa mkono wake wa kushoto, mnaona wenyewe, haufanyi kazi kabisa."

Wakapiga makofi. Sijui walikuwa wanapigia ushindi au kupooza.

Mtu mmoja tu alitoka kijani mwili mzima, naye ni Yahye. Yahye anayekohoa kama jenereta! Mzaliwa wa mkono wa kushoto huyo, alichapwa sana duksi na mwalimu wake wa Kurani ili auache, na hakuuacha. Akapita mbele yetu amebinua kifua, mtu wa pekee mzima katika mji mzima.

Hayo yote ningeyacheka. Lakini kwenye kiti cha mbele alikuwa ameketi Abdimalik, mwenye duka la vitambaa, kaka yake Kaltun. Aliitazama picha yangu, akanitazama mimi, kisha akatazama mkono wangu wa kushoto, uliokuwa umekumbatia chupa ya chai bila shida yoyote.

Jioni ile ile ujumbe ukaja: Alhamisi wazee wasije.

Kesho yake nilikuwa dukani kwake kabla hajamaliza kufagia.

"Abdimalik, mimi si mgonjwa."

"Mashine imesema."

"Mashine imetoka wapi?"

"Nairobi."

"Na ni kitu gani cha kweli kimewahi kutujia kutoka Nairobi?"

Akafikiri. "Kodi," akasema.

Nikainamia mtumba mzima wa vitambaa vyake, nikauinua kwa mkono wa kushoto peke yake, nikauzungusha juu ya kichwa mpaka mteja mmoja akatoka mbio. "Haya! Huu ndio mkono uliokufa?"

Abdimalik akaniangalia kwa huruma, na huruma ya mtu ambaye ungetaka awe shemeji yako inauma kuliko tusi. "Dagane, marehemu shemeji yangu alishusha magunia ya sukari kwenye lori asubuhi, anaimba. Jioni dada yangu alikuwa anampangusa mate. Weka chini vitambaa vyangu."

Nikaviweka chini.

Wiki ile nilijua jinsi mji unavyokuzika ukiwa umesimama. Nikiingia hotelini, vijana wananisogezea kiti. Sokoni, nikipatana bei na mnunuzi, mikono yetu imefichwa chini ya shali kama desturi yetu madalali ilivyo, vidole vikitaja bei ili wengine wasijue, mwenzangu anavibonyeza vidole vyangu kwa upole kama anamshika mtoto mchanga. Nani anapata bei nzuri kwa upole? Yahye ndiye aliyekuwa anafaidi. "Nipishe, mgonjwa," ananiambia, "acha watu wa kijani wafanye kazi."

Na Kaltun? Kaltun hakunifukuza. Alinimiminia kikombe, akasema, "Sijakukasirikia, Dagane. Naogopa."

Mtumba wa vitambaa unaweza kuuzungusha hewani, lakini woga wa mtu utauzungusha vipi?

Wakubwa wamefanya hivi, nikajiambia. Kwanza waliniondolea mke mmoja kwa viti, sasa wananiondolea wa pili kwa matunda ya kuchorwa.

Basi Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimejibanza kando ya kibanda cha Kaltun, najifanya natazama mbuzi ambaye hata hakuwa wa kuuzwa, nikamwona Kananu anakuja, simu mkono wa kulia, jasho usoni. Akaomba maziwa. Kaltun akamimina, akanyoosha kikombe. Kananu, macho kwenye simu, akanyoosha mkono wa kushoto.

Kikombe kikasimama hewani.

Kananu akavuta, kikombe hakikuja. Akainua macho.

"Mkono mwingine, walaal," Kaltun akamwambia, bila ukali.

"Samahani, mama." Akahamisha simu, akapokea kwa kulia. Akanywa kidogo. "Kwani huu una nini?"

"Huo ni wa chooni. Chakula unakipokeaje na mkono wa chooni?"

"Na kama anayenipa amesimama kushoto kwangu kabisa?"

"Hata akisimama nyuma yako. Geuka."

Msichana akabaki amesimama, povu la maziwa juu ya mdomo kama sharubu. Nikaona macho yake yanatembea peke yake, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa hewani. Mara akageuka, akaniona mimi na mbuzi wangu wa bure.

"Mzee Dagane! Yule bibi wa kwenye mchezo wetu..."

"Alinipa chakula," nikasema. "Ningempokea na mkono wa chooni? Mama mzima, amejitanda vizuri, anatabasamu?"

"Lakini ni picha tu, mzee!"

"Adabu haiulizi."

Kananu akajipiga kofi kwenye paji la uso, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Wote mmejipinda! Nimetazama video zile usiku na mchana, nikasema wazee hawa wanajipinda kwa sababu mkono hauwezi. Kumbe unaweza, haukubali!" Akamaliza kikombe, akalipa, akasahau chenji, akaondoka karibu anakimbia. Kaltun akanitazama. Kikombe changu akakijaza mpaka ukingoni.

Siku chache baadaye tukaitwa tena ukumbini. Bibi alikuwa ameondolewa. Sasa kwenye kioo kulikuwa na shamba la tikiti kando ya mto Tana, kama yale tunayoyaona kila siku, na nyani wanaingia kuiba, wengine kulia, wengine kushoto. Kazi yako ni kuwafukuza. Nyani hana heshima, na hakuna mtu anayemhesabia nyani mkono wa heshima. Tulipiga makofi ya kulia, makofi ya kushoto, mateke, mzee mmoja akavua kiatu. Mimi nilimpiga dume mmoja mkubwa kofi la mkono wa kushoto hata kikohozi cha Yahye kikakatika.

Picha zikatoka kijani, kijani, kijani. Yangu pia, ila bega la kushoto lilikuwa na doa la njano. Kananu akaniuliza, nikamwambia fahali alinikanyaga hapo zamani, kule Ijara. Akaligusa, akaniambia niinue, niteremshe, nizungushe. "Hili ni bega la mchungaji, mzee. Kiharusi hakuna hapa."

Nikamfuata Beterson, ambaye alikuwa anafunga mkoba wake.

"Bwana mkubwa, umeona?"

"Nimeona, mzee. Jambo zuri sana. La kuvutia."

"Basi tangaza."

Akakohoa. "Unajua, ripoti ya kwanza imeshakwenda kwa wafadhili. Imeshapokelewa. Tutaongeza maelezo kidogo mbele ya safari."

"Ulinipoozesha kwa kipaza sauti. Niponye kwa kipaza sauti."

"Mzee wangu," akasema, na nadhani aliona anasema neno la maana, "kipaza sauti kilikuwa cha kukodi."

Watu wa aina hii ndio wanaotuongoza. Ugonjwa wetu wanaukodia spika, afya yetu wanaitia mkobani. Mpaka leo, katika ofisi fulani yenye feni ya dari, sisi wazee wa Garissa tumepooza upande wa kushoto, na pengine kuna mtu anapandishwa cheo kwa kugundua hivyo.

Kananu aliyasikia yote. Alinifuata nje akasema, "Nionyeshe duka la Abdimalik."

Tukaenda. Akamwamkia, akaketi juu ya mtumba ule ule niliouzungusha, akaeleza taratibu: bibi, matunda, mkono wa kulia, kosa lao. Abdimalik alisikiliza huku anakunja kitambaa.

"Binti yangu," akasema, "yule bwana alisema kwa kipaza sauti. Wewe unasema kwa sauti ya kawaida. Nimwamini nani?"

"Usimwamini yeyote. Tazama." Akamfungulia video kwenye simu.

Abdimalik akanitazama nikijipinda kwa ajili ya papai, akaguna. Kisha akaja yule nyani dume. Kofi lilipotua, Abdimalik akairudisha video nyuma, akatazama tena, akairudisha tena, machozi yakamtoka, mabega yanacheza. "La ilaha illa Allah," akasema akijipangusa kwa kitambaa cha kuuza. "Dagane, huyo nyani alikufanya nini?"

"Alikuja bila miadi."

Akarudisha simu. "Haya. Mimi sina neno. Lakini aliyeuguza miaka sita si mimi. Nenda kwa mwenyewe. Akisema wazee waje, waje."

Sikutembea kwenda Soko Mugdi, nilielea. Ile chupa ya chai nilipitia nyumbani nikaichukua, nikaipeleka kama zawadi. Kaltun alikuwa anasuuza mitungi, jua limeanza kulegea, wateja wamepungua. Akaipokea, akayasoma maua yake, akaiweka chini.

"Yule binti alipita hapa. Video nimeiona," akasema. "Unampiga nyani kofi kama amekutukana mama."

"Basi sasa unajua mimi ni mzima."

"Najua."

"Basi wazee waje Alhamisi?"

Aliendelea kusuuza. Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia, akainua kiganja kunizuia.

"Dagane. Kaka yangu, yule binti, yule mwenye tai, kamera yao, hata mimi mwenyewe, sote tumeuliza jambo moja tu wiki hizi. Kama wewe utaanguka. Mji mzima umepima mkono wako. Mimi nina mgongo huu." Akaushika. "Asubuhi zingine nainuka kwa kushika ukuta. Hakuna aliyeuliza habari yangu. Mimi nikianguka wa kwanza, utanilisha? Utanigeuza usiku, utanifulia, bila kuita shangazi wala wifi?"

"Walla..."

"Usiape. Kuapa ni rahisi."

Neno lilikuwa pale, tayari, mlangoni mwa meno: ndiyo. Lakini nililisikia jinsi litakavyotoka. Nimelisikia maisha yangu yote likitoka hivyo hivyo, laini, haraka, kwenye vinywa vya watu waliosimama mbele ya viti. Maji yatakuja? Ndiyo. Gari la wagonjwa lipo? Ndiyo, mzee, lipo njiani. Na mimi, kusema kweli, nimeuguza lini? Nasteha aliondoka kati ya asubuhi na jioni, ndani ya lori. Sikupewa hata usiku mmoja wa kumgeuza ubavu. Sijui mkono wangu, wa kulia wala wa kushoto, ungefanya nini mwaka wa pili, mwaka wa tano, na Kananu hana mchezo wa kupima hilo.

Mteja akaja, akataka maziwa. Kaltun akamhudumia, akamrudishia salamu za mama yake, akamtakia njia njema. Kisha akanigeukia, uso umetulia, hana haraka, kitambaa cha kupangusia mitungi bado mkononi.

"Mimi nikianguka wa kwanza, Dagane, utabaki?"